Nani Alilipa Nauli?

(Mazungumzo ya ibada ya asubuhi yaliyotolewa redioni. Masomo: Marko 6:7-13, Luka 10:1-9, Yakobo 5:4.)

Asubuhi ya leo napenda tuzungumze habari za safari, na hasa safari ya mtu mwenye fedha kidogo.

Wazee wetu walisema, "Msafiri maskini, ajapokuwa sultani." Maana yake ni hii. Sultani akiwa kwake hupiga makofi, akaletewa maji ya kunywa. Lakini akiwa njiani, mbali na kwake, hata yeye husimama mlangoni pa mtu asiyemjua na kuomba maji. Basi, ikiwa sultani ni maskini njiani, wewe na mimi je?

Methali hiyo nilifundishwa mwaka 1988, ndani ya msitu wa Ituri katika nchi ya Kongo, ambayo wakati ule iliitwa Zaire. Nilifundishwa mara mbili. Mara ya kwanza nilifundishwa msituni, nami sikuelewa. Mara ya pili nilifundishwa nyumbani Kenya na mama mmoja mzee, nami sijasahau hata leo.

Mimi nilizaliwa karibu na msitu wa Kakamega. Wanaojua habari za misitu wanatuambia ya kwamba Kakamega ni kipande cha mwisho, upande wa mashariki, cha msitu ule mkubwa wa mvua wa Afrika ya kati. Kwa hiyo nilijiona mtu wa msituni. Lakini Kakamega ina kilomita za mraba zipatazo 240 tu. Huko Ituri, ile hifadhi peke yake iliyotengwa mwaka 1992 kwa ajili ya mnyama aitwaye okapi ina kilomita za mraba zipatazo 13,700, nayo ni sehemu moja tu katika tano za msitu wote. Okapi ni jamaa ya twiga, ila mapaja yake yana mistari kama ya punda milia. Wataalamu wa Ulaya hawakumtambua mpaka mwaka 1901. Lakini Wambuti, wale watu wafupi ambao wengi huwaita Mbilikimo, walikuwa wamemjua tangu zamani, maana msitu ule ndio nyumba yao.

Tulisafiri vijana wawili, mimi na mwenzangu wa kikundi cha vijana cha kanisa letu. Mkristo mmoja wa kule alikuwa amepita kwetu, akatualika tuende tuwatembelee waumini wa kanisa dogo lililo ndani ya msitu, mwendo wa siku moja na nusu kwa miguu kutoka barabara kuu. Kanisa lilituchangia fedha, nazo hazikuwa nyingi. Mimi nikawekwa kuwa mshika fedha. Nikanunua daftari dogo na kalamu, nikaazimia moyoni mwangu kwamba kila senti itaandikwa, na ya kwamba tutarudi na fedha nyingi kuliko watu walivyotazamia.

Tulipita Uganda kwa basi, tukafika Kasese, tukavuka mpaka pale Mpondwe, tukaingia Kasindi. Kutoka Beni kwenda mbele hapakuwa na basi. Mtu wa fedha kidogo alipanda lori, tena juu ya mizigo. Lori letu lilibeba maharagwe na chumvi, na juu ya magunia tulikuwa abiria zaidi ya ishirini, na mbuzi wawili. Nilibishana nauli na dereva mpaka akachoka. Tukapita Oicha, Eringeti na Komanda, kisha tukageuka upande wa magharibi kuelekea Mambasa, na hapo miti ikatufunika.

Ndugu msikilizaji, barabara ile wakati wa mvua haikuwa barabara. Mashimo yalikuwa mengine ya kumeza gurudumu zima. Mbele ya Mambasa lori lilizama, likalala upande mmoja. Utingo na wanaume wote tukachimba tope kwa majembe, tukakata miti na kuitandika chini ya magurudumu, na bado halikutoka. Tulikaa pale siku mbili. Nani aliyetulisha? Akina mama wa kijiji kilichokuwa karibu. Walikuja wakiwa na ndizi za kupika na sombe, yaani kisamvu, wakawagawia abiria wote. Wengine walitoa fedha. Mimi nikajifanya kumtafuta mwenzangu nyuma ya lori mpaka akina mama wale wakaenda zao. Jioni ile niliandika katika daftari langu: "Chakula, hakuna gharama." Nami nikafurahi.

Tulipofika mahali pa kushukia, tulipokewa na mzee mmoja wa kanisa. Nyumba yake ilikuwa ya udongo, yenye vyumba viwili. Kiswahili chake kilikuwa tofauti kidogo na chetu, lakini tulielewana vizuri, nami nilimshukuru Mungu kwa ajili ya lugha hii inayovuka mipaka bila kuulizwa hati. Mzee yule alitupa kitanda chake, yeye na mkewe wakalala juu ya mkeka karibu na moto pamoja na watoto. Kabla ya kulala tulisikia kuku akilia nje, kisha akanyamaza. Tukaletewa nyama. Watoto walikaa mlangoni wakitutazama tunavyokula. Asubuhi nilipotoka nje sikuona kuku mwingine katika ua ule. Niliona jambo hilo kwa macho, lakini sikuliwaza. Katika daftari niliandika: "Malazi, bure."

Kutoka pale tulihitaji mtu wa kutuonyesha njia. Mzee alituitia Mmbuti mmoja na mkewe. Fedha hazikuwa na maana kubwa kwao, kwa sababu ndani ya msitu hakuna duka. Walitaka chumvi. Nasi tulikuwa na chumvi, maana tulikuwa tumeambiwa mapema, tukanunua mfuko Beni. Tukapatana vikombe viwili.

Msiwadharau watu wale, wapendwa. Mimi mwenye cheti cha shule nilitembea nyuma yao kama mtoto. Walijua maji yako wapi, na mti upi una mdudu aumaye, na nyayo hizi ni za mnyama gani. Jioni yule mwanamke alichoma fito ardhini, akazikunja na kuzifunga, akazifunika kwa majani mapana, na kabla giza halijaingia tulikuwa na kibanda kisichovuja. Kisha akajenga kingine chao. Njiani mumewe alisikia nyuki, akapanda mti mrefu sana huku amebeba moto uliofungwa katika majani, akateremka na asali. Alitugawia sisi kwanza. Ndiyo desturi yao. Anayepata nyama au asali hagawi kwa sababu amependa, bali hugawa kwa sababu kambini wako watu wanaokula.

Siku ya pili tulikuta mto umefurika kwa mvua ya usiku. Sisi hatukuweza kuvuka na mizigo. Mtu yule, ambaye kimo chake kilifika begani pangu, aliweka mzigo wangu kichwani, akaingia majini, maji yakamfika shingoni. Akarudi, akachukua mzigo wa pili. Akarudi mara ya tatu, akamshika mkono mwenzangu asiyejua kuogelea. Mkewe akanishika mimi.

Tulipofika kanisani nilimpimia vikombe vyake viwili. Akaitazama ile chumvi, kisha akasema kwa upole, "Ongeza kimoja, kwa ajili ya mto." Mwenzangu akaninong'oneza, "Mwongezee, ni haki yake." Nami nikasema, "Mapatano ni mapatano. Tulipatana viwili." Yule mtu hakubishana. Alifunga chumvi yake katika jani, akamwita mkewe, wakarudi msituni.

Tulikaa na wale waumini siku kumi. Waliimba mpaka usiku, nasi tukahubiri habari za upendo wa Mungu. Naam, nilihubiri upendo, na mfuko wa chumvi ulikuwa ndani ya mzigo wangu. Tuliporudi Kenya karibu nusu ya mfuko ulikuwa bado umebaki. Nikampa mama yangu aupikie. Chumvi ile ilikuwa imenunuliwa Beni, ikaingia msituni mahali inapotamaniwa kama sukari, kisha ikarudi mpaka jikoni kwetu, ambako kila duka lina chumvi.

Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya kikundi cha vijana, nikawaeleza jinsi nilivyosafiri katika msitu mkubwa wa Afrika kwa fedha ambazo mtu hangefika nazo Mombasa na kurudi. Wakapiga makofi. Nikarudisha fedha zilizobaki, nikainua juu daftari langu wote walione.

Baada ya ibada alinijia mama mmoja mzee, mshika fedha wa chama cha akina mama. Hakusoma sana, lakini hesabu zake za kanisa hazikupata kukosewa hata senti moja. Akaniambia, "Mwanangu, nipe hilo daftari nilione." Akavaa miwani yake, akasoma ukurasa kwa ukurasa. Kisha akasema, "Matumizi nayaona. Mapato yako wapi?"

Nikamjibu, "Mama, mapato ni zile fedha mlizotupa."

Akasema, "Hapa umeandika, 'Malazi, bure.' Ulilala kwenye kitanda cha nani? Yeye alilala wapi? Hapa umeandika, 'Chakula, hakuna gharama.' Ndizi hizo zilimea zenyewe katika chungu? Na huyu aliyekuvusha mtoni umempa chumvi vikombe viwili. Mto umeuandika wapi?" Nikakosa la kusema. Akanirudishia daftari, akasema, "Mwanangu, safari yako haikuwa rahisi. Ilikuwa ghali kama safari nyingine zote. Ila wewe hukulipa. Nenda kaangalie ni nani aliyelipa."

Nilikwenda nyumbani nikiwa na hasira, maana nilikuwa nimetarajia sifa. Usiku nikafungua Biblia, nikaangukia waraka wa Yakobo, sura ya tano, mstari wa nne. Pale mtumishi wa Mungu anasema ya kwamba ujira uliozuiwa una sauti, nao hupiga kelele mpaka masikioni mwa Bwana. Ujira wenyewe ndio unaolia, hata kama mfanya kazi amenyamaza. Mmbuti yule hakupiga kelele, lakini kikombe kimoja cha chumvi kilikuwa kinalia katika jiko la mama yangu.

Wapenzi wasikilizaji, labda mtu atasema, "Mbona Bwana Yesu mwenyewe aliwatuma wanafunzi bila fedha?" Ni kweli. Katika Marko sura ya sita aliwatuma wawili wawili. Aliwakataza kubeba mkate, na mkoba, na fedha mishipini. Aliwaruhusu fimbo na viatu tu. Hiyo ni safari ya fedha kidogo kuliko yangu. Lakini soma na Luka sura ya kumi, utaona jinsi ilivyokuwa. Walipoingia katika nyumba walitoa amani kwanza, kabla ya kuketi mezani. Walikula walichowekewa, wala hawakuhama nyumba kwenda kutafuta yenye chakula kizuri zaidi. Waliponya wagonjwa wa mji ule. Yesu hakuwatuma mikono mitupu ili apunguze gharama. Aliwatuma hivyo ili wawahitaji watu. Mtu asiyemhitaji mwenzake humhubiria kutoka juu, lakini yule aliyekula ndizi zake humhubiria wakiwa wamekaa pamoja.

Mimi nilikuwa na mikono mitupu ya mwanafunzi, lakini moyo wangu ulikuwa wa mfanya biashara. Hayo mawili hayafai kukaa pamoja.

Napenda niwakumbushe mtu mmoja aliyesafiri upande ule kwa vitu vichache kuliko mimi, na daftari lake lilikuwa sawa mbele za Mungu. Jina lake ni Apolo Kivebulaya, Mganda, wa Kanisa la Anglikana. Mwaka 1896 alivuka kutoka Toro, akaenda Mboga, mahali ambapo leo pako ndani ya Kongo. Walikuwako walimu wawili waliomtangulia, nao walirudi kwa sababu ya njaa, maana mtawala wa pale, Tabaro, alikataa wasipewe chakula. Apolo alijua habari hiyo, lakini alikwenda. Akalima shamba lake mwenyewe, akala jasho lake.

Mwaijua methali isemayo, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Apolo hakungoja siku ya tatu. Alipigwa, alifungwa, lakini hakuondoka, na baadaye Tabaro yule yule akabatizwa. Alifanywa kasisi mwaka 1903. Katika miaka ya 1920, akiwa tayari ni mtu mzima sana, aliingia katika msitu wa Ituri kwa miguu, akawafikia Wambuti, akakaa nao, akawafundisha Neno la Mungu. Alikufa kule Mboga tarehe 30 Mei 1933. Desturi ilikuwa kumzika mtu kichwa kikielekea mashariki. Yeye aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, iwe ishara kwamba Injili bado ina safari mbele. Kanisa la Anglikana la Kongo lilianzia pale Mboga.

Tazameni tofauti yetu. Wote wawili tulikwenda na kidogo. Mimi nilihesabu nilichookoa. Yeye alihesabu watu.

Sasa neno kwa vijana wetu, maana siku hizi wengi husafiri, wengine kwa Injili, wengine kutazama dunia, na wengi wao wana fedha kidogo. Kusafiri na fedha kidogo si dhambi. Kupanda lori si aibu. Lakini sikieni ushauri wa mtu aliyekosa. Kama huna fedha nyingi, beba vitu vidogo ambavyo wenyeji wanavihitaji: chumvi, sabuni, sindano na uzi. Beba dawa yako ya malaria na chandarua chako, usije ukawa mzigo kwa mtu ambaye hana hata dawa ya mtoto wake. Usibishane bei na mama anayeuza ndizi tano, kwa sababu unachookoa wewe ni soda, lakini anachopoteza yeye ni mafuta ya taa ya usiku ule. Anayekubebea mzigo mlipe siku ile ile kabla jua halijazama, ndivyo torati ilivyoagiza katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 24. Njia ikiwa ngumu kuliko mlivyopatana, ongeza bila kuombwa. Usinunue nyama wala ngozi za wanyama waliokatazwa. Okapi, kwa mfano, amelindwa na sheria tangu mwaka 1933. Na jioni unapoandika hesabu zako, gawa ukurasa sehemu mbili. Upande mmoja andika ulichotoa, upande wa pili andika ulichopewa na jina la aliyekupa. Upande wa pili ukiwa mrefu kuliko wa kwanza, piga magoti.

Na hapa, ndugu yangu, ndipo tunapofika msalabani. Wako watu wanaosema, "Wokovu ni wa bure," nao husema kweli. Lakini husema kama mimi nilivyoandika, "Malazi, bure." Kwako ni bure. Je, kwa yule aliyelipa? Mtume Petro, katika waraka wake wa kwanza, sura ya kwanza, anatukumbusha ya kwamba hatukukombolewa kwa fedha wala dhahabu, bali kwa damu ya Kristo. Naye Paulo, katika Wakorintho wa pili, sura ya nane, asema ya kwamba yeye aliyekuwa tajiri alikubali kuwa maskini kwa ajili yetu. Alitoa kitanda chake, akalala katika hori ya ng'ombe. Mto wa mauti ulipofurika, hakusimama ng'ambo akatuonyesha njia. Aliingia majini, yakamfika shingoni, hata yakamfunika, ili sisi tuvuke. Hakutuomba kikombe cha zaidi kwa ajili ya mto. Basi tusiishi kama watu waliopata kitu rahisi. Nauli yetu ililipwa, na ilikuwa nauli kubwa.

Nimalizie na jambo moja. Nilikusudia kurudi Ituri nikalipe deni langu. Sikurudi. Mwaka 1996 vita vilianza Kongo, na baada ya vile vikaja vingine. Mwishoni mwa mwaka 2002 vita vilifika Mambasa, watu kwa maelfu wakakimbia kwa miguu kuelekea Beni. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 2021, watu wenye silaha waliwashambulia watu wa Boga, ndiyo hiyo Mboga ya Apolo, na wa Tchabi jirani yake, wakaua watu zaidi ya 50. Wenyeji wetu wamekuwa wasafiri. Wengine walivuka Ziwa Albert kwa mitumbwi wakafika Kyangwali katika Uganda. Wengine wamefika kwetu, Kakuma na Nairobi. Hao ndio wasafiri wa fedha kidogo wa siku zetu, nao hawakuchagua safari.

Jumapili moja, miaka michache baada ya vita vile vya Mambasa, alikuja kanisani kwetu mtu mmoja na mkewe na watoto watatu. Walikuwa na mfuko mmoja. Waliketi kiti cha nyuma kabisa. Ibada ilipokwisha watu waliwasalimu kwa adabu, wakaenda zao kula. Niliposikia Kiswahili chake moyo wangu ulishtuka. Nikamwuliza, "Mmetoka wapi?" Akasema, "Mbali, upande wa Mambasa."

Niliwachukua nyumbani. Mke wangu alinivuta kando akaniuliza, "Baba Yona, tutawapikia nini? Hatukujitayarisha." Nikamwambia, "Kuku yuko." Akasema, "Ni huyo mmoja anayetaga." Nikamwambia, "Ndiye huyo."

Wakala, wakakaa kwetu wiki tatu mpaka kanisa lilipowapatia chumba. Watu wengine walinisifu. Tafadhali wasinisifu. Sikuwa mwema, nilikuwa mdeni. Wala kuku mmoja hamlipi yule mzee, wala wale akina mama wa barabarani, wala yule mtu wa mtoni ambaye pengine yu hai, pengine hayupo, nami sikuuliza hata jina lake.

Ndugu msikilizaji, wazee pia walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Huenda wiki hii mtu atabisha mlangoni pako. Huenda ni mchuuzi wa vitenge mwenye Kiswahili cha mbali, au mfanya kazi anayengoja ujira wake wa mwezi uliopita. Kabla hujamjibu, fungua daftari lako. Soma upande wa mapato. Kisha mjibu.

Tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, twakushukuru kwa ajili ya wote waliotulisha njiani nasi hatukuwaandika. Wakumbuke wewe, maana wewe wawajua majina. Utusamehe ujira tuliouzuia, na utupe moyo wa kuulipa leo kabla jua halijazama. Uwalinde watu wa Ituri, walio msituni na walio ukimbizini, uwarudishie amani. Utufundishe kumpokea mgeni kama sisi tulivyopokewa. Kwa jina la Yesu Kristo, aliyetulipia nauli yote. Amina.